Vidonge vya Malimau na Machungwa kwa Mwenye Sukari: Yajue Haya Kabla ya Kununua

Vidonge vinavyotengenezwa kwa maganda ya malimau na machungwa vinauzwa kwa ahadi ya kushusha sukari ya damu, na wengi wanauliza kama vinafaa. Jibu letu ni hili: vina manufaa kidogo kwa baadhi ya watu, na havimtoshi yeyote kuacha dawa zake.

Ndani yake mna nini?

Mna flavonoidi, kemikali ambazo mmea hujitengenezea wenyewe. Katika chungwa iliyo nyingi ni hesperidini, nayo hukaa zaidi kwenye ule utando mweupe ambao wengi wetu huumenya na kuutupa. Limau lina eriositrini. Uchungu wa balungi hutokana na naringini.

Utafiti umeonyesha nini?

Mwaka 2019 watafiti wa Brazili walitoa matokeo ya jaribio la watu 103 waliokuwa wakielekea kwenye kisukari, yaani sukari yao ilikwisha kupita kawaida lakini haijafika kiwango cha ugonjwa. Baadhi walipewa Eriomin, vidonge vyenye eriositrini kwa wingi, kwa kipimo cha miligramu 200, 400 au 800 kwa siku. Wengine walipewa vidonge vya kufanana navyo visivyo na dawa. Baada ya wiki 12, sukari ya waliotumia Eriomin ilishuka kwa takriban asilimia 5. Iliongezeka pia GLP-1, homoni inayotolewa na utumbo baada ya mlo ili kongosho litoe insulini. Waliomeza miligramu 800 hawakupata nafuu kubwa kuliko waliomeza 200, kwa hiyo anayezidisha vidonge anapoteza fedha zake.

Hebu tuipime hiyo asilimia 5. Mtu anayepima 6.5 mmol/L asubuhi kabla ya kula angeshuka hadi karibu 6.2. Kwake ni hatua njema. Lakini mwenye 12, hata akishuka kwa kiasi hichohicho, anabaki na 11.4, ilhali kisukari huhesabiwa kuanzia 7.0. Macho, figo na miguu yake vinaendelea kuumia huku akiamini anatibiwa. Hilo ndilo linalotutia hofu.

Kuna njia iliyopimwa kwa watu wengi zaidi. Jaribio la Marekani lililotangazwa mwaka 2002 lilihusisha watu 3,234 waliokuwa katika hatari ya kupata kisukari. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi, kama kutembea kwa kasi, dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Kwa waliomeza metformini, dawa ya kisukari, ilikuwa asilimia 31.

Tahadhari ya balungi

Mwaka 1989 watafiti wa Kanada waligundua, bila kutarajia, kwamba juisi ya balungi hupandisha mno kiwango cha felodipini, dawa ya shinikizo la damu, mwilini. Balungi huzuia kimeng'enya kinachovunjavunja dawa kwenye utumbo, na glasi moja yaweza kufanya hivyo kwa zaidi ya saa 24. Simvastatini, dawa ya kupunguza lehemu, nayo huathirika, na danzi lina tabia hiyohiyo. Wagonjwa wengi wa kisukari wana shinikizo la damu pia, kwa hiyo soma kibandiko cha chupa: ukikuta balungi au danzi, usimeze kabla ya kumuuliza mfamasia.

Je, machungwa yenyewe?

Kula tunda zima, pamoja na nyuzinyuzi zake. Usilibadilishe kwa juisi: glasi moja hukamuliwa kutoka machungwa kadhaa, nyuzinyuzi nyingi hubaki nje, na sukari yake huingia kwenye damu haraka.

Ukiamua kutumia vidonge

Nenda na chupa yako kliniki, umwonyeshe daktari au muuguzi pamoja na dawa zako zote, hata zile za mitishamba. Wajawazito na wanaonyonyesha wasitumie bila ushauri wa daktari. Endelea kupima sukari kama kawaida, na usipunguze dozi kwa uamuzi wako mwenyewe. Anayetegemea insulini asiiache hata siku moja kwa sababu ya vidonge hivi, maana kuikosa kwa siku chache tu kunaweza kumuua.