Kufuli la Nje na Ibara ya 15

Tuanze na komeo. Ukiingia uani katika baadhi ya nyumba za Mkolani, jijini Mwanza, utakuta mlango wa chumba unaofungwa kwa nje, na ndani yake yupo bibi aliyeanza kupoteza kumbukumbu au kijana ambaye maradhi ya akili humjia na kumwacha. Ufunguo anao dada wa kazi, kaufunga kwenye pindo la khanga. Aliagizwa neno moja tu, “asitoke”, na hakuna aliyemweleza kwamba kufuli lile linagusa Katiba ya Jamhuri ya Muungano.

Linagusa kweli. Ibara ya 15 inampa kila mtu haki ya kuwa huru, kisha inapiga marufuku mtu kukamatwa, kufungwa au kufungiwa isipokuwa katika hali, na kwa kufuata utaratibu, uliowekwa na sheria. Upendo wa ndugu haukutajwa kama utaratibu. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu mgonjwa alazwe bila ridhaa yake, lakini kwa uchunguzi wa kitaalamu na mkono wa mahakama. Chumba cha uani hakina hata kimoja kati ya hivyo. Hoja yangu ni kwamba anayemlea mtu wa namna hii, awe mkwe, binti wa kazi au mhudumu wa makazi ya wazee kama yale ya Bukumbi kule Misungwi, anatumia madaraka makubwa kila siku. Hawezi kuachwa ayatumie kwa kubahatisha.

Kosa linaanzia kwenye sentensi tuliyoizoea: “Huyu hana akili, tumwamulie.” Sheria yetu wenyewe ina busara kuliko sentensi hiyo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inakubali kwamba mtu ambaye kwa kawaida akili yake haiko sawa anaweza kuingia mkataba katika kipindi ambacho akili imetulia. Maana yake uwezo wa kuamua hupimwa kwa jambo lililopo na kwa saa ile, hauondoki wote kwa mpigo. Bibi anayeshindwa kuhesabu chenji ya dagaa anaweza kujua vizuri kabisa kwamba hataki kuogeshwa na mjukuu wa kiume. Kumuuzia kiwanja chake ni habari nyingine, na hapo mahakama ndiyo yenye kusema, si kikao cha ukoo. Nayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeuweka uhuru wa mtu kujiamulia miongoni mwa misingi yake.

Wapo watakaosema: barabara ya Shinyanga iko palepale, malori hayalali, akitoka atagongwa. Hofu hiyo ni ya haki na siidharau. Lakini hatari ya dakika kumi za kuvuka barabara haihalalishi kufuli la miezi kumi. Ukimshika mkono asiingie barabarani umemlinda. Ukimfunga kamba kwenye kiti tangu asubuhi ili upate nafasi ya kufua, umejirahisishia kazi. Wengine watasema haya ni mambo ya Ulaya. Ni kweli kwamba Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la Cheshire West la mwaka 2014, iliamua kuwa mtu anayesimamiwa muda wote na asiyeruhusiwa kuondoka amenyimwa uhuru hata kama analishwa na kutunzwa vizuri. Hata hivyo Ibara ya 15 haikuandikwa London.

Pingamizi zito kuliko yote ni umaskini. Mama anayeuza samaki tangu alfajiri hana wa kumwachia mgonjwa, na kumtishia kifungo hakumpi msaidizi. Nakubali. Ndiyo maana nasema mafunzo yatangulie adhabu, na fursa ipo: Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kupata zaidi ya wahudumu 137,000 katika miaka mitano. Watu hawa watabisha hodi kwenye nyumba hizihizi. Wakifundishwa kupima presha tu, watapita mbele ya komeo bila kuliona. Wafundishwe pia kuuliza: amefungiwa tangu lini, nani aliamua, kwa sababu gani, na lini uamuzi huo utatazamwa upya?

Wewe unayeshika ufunguo leo usingoje semina. Andika kwenye daftari saa unayofunga na saa unayofungua, na sababu yake. Mpeleke mgonjwa kliniki ya afya ya akili, hospitali ya Bugando wapo wataalamu, na umweleze afisa ustawi wa jamii jinsi hali ilivyo nyumbani. Ukiagizwa kumfungia kutwa nzima, una haki ya kukataa, kwa kuwa kumfungia mtu isivyo halali ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na agizo la mwajiri halikuondolei kosa hilo. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada wa kisheria bila malipo, kwa mujibu wa Sheria Na. 1 ya mwaka 2017.