SINDANO YA MGONGO: JUA KABLA YA KUCHOMWA

Unanyanyua gunia la mahindi. Ghafla kiuno kinauma. Maumivu yanashuka takoni mpaka mguuni. Huo si uchawi.

Mgongo una mifupa iitwayo pingili. Kati ya pingili kuna diski, laini kama mto mdogo. Diski ikichomoza, hubana mshipa wa fahamu uendao mguuni.

Wengi hupata nafuu katika majuma 6 hadi 12 bila kupasuliwa. Usilale kutwa nzima. Tembea kidogo kidogo. Acha mizigo mizito. Tumia dawa ulizopewa zahanati.

Maumivu yakizidi kukaa, daktari bingwa wa hospitali kubwa huweza kuchoma sindano karibu na mshipa huo. Huongozwa na picha ya eksirei. Dawa hupunguza uvimbe. Hairudishi diski mahali pake. Hutuliza maumivu kwa majuma au miezi, lakini si kwa kila mtu.

Usichomwe sindano na mtu asiye mganga wa hospitali au zahanati. Hata sindano ya takoni, ikichomwa mahali pasipofaa, huweza kuumiza mshipa huo huo na kulemaza mguu.

Mguu ukilegea, mkojo ukiziba au ukitoka wenyewe, au ukisikia ganzi katikati ya mapaja, usingoje. Nenda siku hiyo hiyo hospitali ya wilaya ya Ileje, Itumba.

SWALI: Taja dalili tatu za kukimbilia hospitali.