Kufundisha "Rise" na "Raise" kwa Msaada wa Kauli za Kiswahili

Miongoni mwa makosa ambayo mwalimu wa Kiingereza hukutana nayo mara kwa mara katika madaftari ni sentensi ya namna hii: "The price of sugar has raised." Mwandishi wake hakukosea tahajia wala wakati wa kitenzi. Amechanganya vitenzi viwili, "rise" na "raise", ambavyo vyote hueleza mwendo wa kwenda juu. Mwalimu husahihisha kwa wino mwekundu, na baada ya wiki moja kosa hurudi lile lile.

Kanuni inayotolewa kwa kawaida ni kwamba "raise" hufuatwa na yambwa na "rise" haifuatwi. Ni kweli, lakini haitoshi. Mpe mwanafunzi sentensi "The flag was raised in the morning" naye atatafuta yambwa baada ya "raised" asiione, kisha aandike "The flag was risen". Kwa hiyo twapendekeza kwamba mwalimu asianze na mahali pa maneno, bali aanze na maana: je, kitenzi hiki kinamfikiria mtenda aliyekipeleka kitu juu, au kinasimulia tu kwamba kitu kimekwenda juu?

Tofauti hii mtoto anayesema Kiswahili anaijua kabla hajaingia shuleni. Hakuna anayesema "Asha ameinuka mkono". Husema "ameinua mkono". Hali kadhalika hatachanganya "bei imepanda" na "wamepandisha bei", wala "bendera imepanda" na "bendera imepandishwa". Katika "imepandishwa" mtenda hatajwi, lakini kitenzi kinatujulisha kwamba yupo. Hiyo ndiyo "was raised".

Kiswahili kina jozi nyingi za aina hii. Nyingine huanzia kwa mtenda: inua huzaa inuka, umua huzaa umuka. Nyingine huanzia kwa kitu chenyewe: panda huzaa pandisha, paa huzaa paza. Moshi hupaa, "the smoke rises". Msomaji hupaza sauti, "the reader raises his voice". Unga wa maandazi huumuka, "the dough rises", ingawa kwa umua Waingereza hupendelea kusema kwamba hamira "makes the dough rise". Jua huchomoza, "the sun rises", na hapa "raise" haina kazi.

Kiingereza nacho kilikuwa na njia ya kuunda vitenzi vya kutendesha kwa kubadili irabu ya ndani. Masalia yake ni "fall" na "fell", yaani kuanguka na kuangusha mti, na pia "lie" na "lay". "Rise" ni neno la Kiingereza cha Kale. "Raise" liliingia kutoka lugha ya Waskandinavia waliofanya makazi Uingereza tangu karne ya 9, nalo lilikuwa kauli ya kutendesha ya mzizi ule ule. Njia hiyo imekufa katika Kiingereza, ilhali yetu ingali hai. Yafaa mwalimu aitumie.

Hata hivyo ipo hatari moja kubwa. Mwanafunzi akikariri kwamba panda ni "rise", ataandika "I rose the tree" na "We rose the bus". Kupanda mti ni "climb", kupanda basi ni "get on". Vivyo hivyo "raise" huvuka mipaka ya pandisha: "raise children" ni kulea, "raise chickens" ni kufuga, "raise money" ni kuchangisha. Kwa sababu hiyo mwalimu asiandike ubaoni neno moja mkabala na neno moja. Aandike sentensi nzima. Tena asiwazoeze watoto kusema "Rise!" kwa maana ya simameni, neno hilo ni la hadhara rasmi, na darasani "Stand up" latosha.

Maumbo yafundishwe baadaye, maana yakiisha kukaa: "rise, rose, risen" hayafuati kanuni, "raise, raised, raised" hufuata.

Zoezi moja ambalo darasa hulifurahia ni la bei za soko. Mwalimu aandike "Bei ya sukari ilipanda kwa sababu ya ukame" na "Wenye maduka walipandisha bei ya sukari". Wanafunzi wajadili kwanza kwa Kiswahili ni sentensi ipi inayomtaja wa kuulizwa. Wengine watasema ukame ndio mtenda, na hoja hiyo isipuuzwe: ukame ni sababu, lakini kitenzi "ilipanda" hakiupi kazi ya kupandisha. Waiandike upya ili ukame uwe kiima, "Ukame ulipandisha bei", ndipo wazitafsiri zote tatu: "The price rose because of the drought", "The shopkeepers raised the price", "The drought raised the price".