Dhoruba Moja: Theluji Mlimani, Mvua Bondeni

Ndugu msomaji, chamani mwetu limezuka swali: yawezekanaje dhoruba moja ya majira ya baridi imwage theluji mlimani na mvua bondeni, siku ile ile? Ati ni mawingu mawili? La hasha! Dhoruba ni moja. Kinachotofautiana ni urefu wa mahali. Hebu tuchukue mfano wa jimbo la California, huko Marekani.

Majira hayo yanapofika, upepo wenye unyevu hutoka bahari ya Pasifiki. Huvuka bonde kubwa lenye mji wa Sacramento, kisha hukutana na milima ya Sierra Nevada. Kwa kuwa upepo haupenyi mlima, hulazimika kupanda. Ukipanda hupoa, na ukipoa hushindwa kuubeba unyevu wake. Basi unyevu huo huanguka.

Sasa hesabu. Kwa wastani, joto hupungua kwa nyuzi 6.5 kila tupandapo mita 1000. Bondeni pakiwa na nyuzi 13, mita 2000 juu yake ni sufuri. Huko juu huanguka theluji. Ikishuka chini ya hapo huanza kuyeyuka ingali hewani, na mtu wa bondeni huipokea kama mvua.

Na upepo je? Hewa hukimbia kutoka penye mgandamizo mkubwa kwenda penye mgandamizo mdogo, na katikati ya dhoruba mgandamizo huwa mdogo. Tofauti ikizidi, upepo huvuma kwa kishindo, hasa unapobanwa katika mapito ya milimani, ukaangusha miti na nyaya za umeme.

Wenzangu, jambo hili si la mtihani tu. Theluji ni maji yaliyowekwa. Huyeyuka polepole baridi ikiisha, ikaijaza mito wakati mvua zimekatika. Si wahenga walisema akiba haiozi? Lakini dhoruba ikija na hewa ya joto, mvua hunyesha hata juu mlimani, ikaiyeyusha theluji iliyokuwako, na maji yote yakashuka kwa pamoja. Ndivyo ilivyokuwa huko California mwanzoni mwa mwaka 1997: mito ilifurika na maelfu ya watu wakahama makwao. Maji yakimwagika hayazoleki.

Theluji nayo ikizidi huua. Katika msimu wa 1846 hadi 1847, wahamiaji wapatao 80 walinaswa na theluji katika milima hiyo hiyo, na karibu nusu yao wakafa. Kwa hivyo nyuzi chache tu za joto ndizo zinazoamua kama dhoruba ni neema au msiba.

Sisi hatuna majira ya baridi kama yao, lakini Mlima Kenya wafuata kanuni hiyo hiyo. Mvua inaponyesha Nanyuki, huenda kileleni ni theluji tupu. Atakayepanda asivae kwa kutazama hali ya hewa ya chini.

Zoezi: Nanyuki iko kama mita 1950 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Batian ni mita 5199. Nanyuki pakiwa na nyuzi 20, kileleni ni nyuzi ngapi? Ukipata jibu lililo chini kidogo ya sufuri, mwenzangu, somo limekuingia.