Injini Inapopungua Nguvu Ndege Ndogo Ikiruka: Maswali ya Wananchi wa Songea

Uwanja wa ndege wa Songea hutumiwa pia na ndege ndogo za kukodi, za misheni na za watu binafsi. Maelezo haya yanahusu zile zenye injini moja ya pistoni, yaani inayofanya kazi kama injini ya gari la petroli.

Kwa nini nguvu ipungue wakati wa kuruka hasa?
Kwa sababu hapo ndipo injini hudaiwa nguvu yake yote. Mara nyingi chanzo ni mafuta: maji yameingia tangini, yamejazwa mafuta ya aina nyingine, au umefunguliwa mkondo wa tangi lisilo na kitu. Kuna pia plagi chafu, na nyigu waliojenga kwenye tundu la hewa la tangi ndege ilipokaa siku nyingi bila kuruka. Ndiyo maana rubani huchota mafuta kidogo kwenye chupa na kuyatazama kabla ya safari; tafadhali msimharakishe.

Je, Songea ina ugumu wake?
Ndiyo. Uwanja uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Injini isiyo na turbo, yaani pampu ya kuisukumia hewa, hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, na mchana wa joto la Novemba hupoteza zaidi. Rubani akisema gunia la mchele libaki, au tungoje asubuhi kuna ubaridi, amepiga hesabu. Nawe mtajie uzito wako wa kweli, pamoja na wa mfuko wa mkononi.

Ni kweli injini ikizima ndege huanguka kama jiwe?
Hofu hiyo inaeleweka, lakini sivyo. Mabawa huendelea kuibeba: ndege ndogo ya kawaida ikiwa juu mita 300 huweza kuteleza angani kama kilomita mbili na nusu. Hatari ya wakati wa kuruka ni kwamba kimo hicho bado hakijapatikana.

Basi kwa nini rubani asirudi uwanjani?
Swali hili huulizwa kwa uchungu baada ya ajali, na wengine husema rubani alizembea. Kugeuka hula kimo, na ndege inapolala upande bawa hudai kasi kubwa zaidi. Kasi ikipungua mno, bawa huacha kuibeba ndege. Hali hiyo huitwa stoli, na karibu na ardhi hakuna nafasi ya kujinasua. Kwa hiyo marubani hufundishwa kushusha pua, kulinda kasi na kutua mbele au pembeni kidogo, hata kama mbele ni shamba la mahindi. Ndege ikavunjika magurudumu na watu wakatoka wazima, rubani huyo amefanya kazi yake.

Abiria ana haki gani?
Anayetoza nauli lazima awe na leseni na cheti kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Mwenye leseni ya urubani binafsi haruhusiwi kubeba abiria kwa malipo. Una haki ya kuuliza, kuelezwa jinsi mkanda na mlango vinavyofunguliwa, na kukataa kupanda. Malalamiko yaanzie kwa kampuni, kisha TCAA.

Ndege ikianguka kijijini kwetu?
Piga 112, au 114 ya Zimamoto. Majirani ni muhimu sana: ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria huko Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi ndio waliowahi kufika, na watu 24 kati ya 43 waliokolewa. Kaeni mbali na pangaboi hata kama limesimama, msiwashe moto wala sigara, na msiokote vipande.

Nani huchunguza?
Wachunguzi wa ajali za ndege walio chini ya wizara inayosimamia uchukuzi. Kanuni za kimataifa zinataka taarifa ya awali ndani ya siku 30, na lengo ni kuzuia ajali nyingine; si kumtafuta wa kumlaumu. Ukiwa uliisikia injini ikikohoa, au ikinyamaza ghafla, waeleze polisi mapema, kabla hujasikia simulizi za wengine.