Kwa nini embe linaoza ndani na huku nje linang'aa

Somo la msimu wa matunda, kwa wanamemba wa koperative

Mtu wa kartie Lumumba, hapa Bunia, akinunua maembe sokoni anajua mchezo huu. Embe liko zuri, ngozi inang'aa, bei wamepatana. Akifika nyumbani analikata: ndani ni maji, harufu ya pombe, na funza weupe wanaorukaruka juu ya meza. Anamlaumu mama muuzaji. Mama muuzaji anamlaumu mlimaji. Na mlimaji anajaza pompi, anapuliza dawa tena.

Somo hili ni la huyo wa tatu, sababu pesa yake ya dawa mara mingi inapotea bure. Anafikiri anapigana na mdudu mmoja, kumbe ndani ya tumbo la yule mdudu kuna kijiji kizima cha wafanyakazi.

Tuanze na inzi mwenyewe. Si yule inzi wa choo. Huyu ni wa rangi ya kahawia na manjano, ukimwona haraka utasema ni nyigu mdogo, na ana mistari miwili ya manjano mgongoni. Wataalamu wanamwita Bactrocera dorsalis. Kwao ni Asia. Hapa Afrika alionekana mara ya kwanza Kenya, mwaka 2003. Mwaka 2005 walimpa jina la Bactrocera invadens, maana yake mvamizi, wakidhani ni aina mpya; mwaka 2015 wakakubaliana kwamba ni yuleyule wa Asia. Toka hapo amevuka nchi mingi, na hata upande wa Kisangani watafiti walimkuta. Anapenda maembe na mapera kupita yote, lakini machungwa, avoka na papai pia hayaponi.

Jike ana sindano nyuma. Anachoma ngozi ya tunda, anaweka mayai chini yake. Baada ya siku moja au mbili mayai yanapasuka, funza wanaanza kula. Wakishiba wanatoka, wanaingia ndani ya udongo sentimita chache tu, na kule wanakuwa kama punje ndogo za mchele wa kahawia. Kiisha wanatoka wakiwa inzi. Kwa joto la kwetu safari yote inachukua kama mwezi mmoja. Jike moja anaweza kutaga mayai zaidi ya elfu moja katika maisha yake, kwa hiyo fanyeni hesabu wenyewe.

Hayo wengi wenu mlikwisha kusikia kwa agronomu. Jambo ambalo halisemwi sana ni hili: ile sindano haiachi mayai peke yake. Inaacha na bakteria. Zinakuwa juu ya ganda la yai, zinaingia ndani ya tunda pamoja nalo. Ni vidudu vidogo sana. Ukipanga elfu moja mstari mmoja utapata milimita moja au mbili hivi. Wengine wanaziita mikrobe. Majina yake ni kama Klebsiella, Enterobacter, Citrobacter na Providencia, na zina udugu na bakteria zinazoishi ndani ya matumbo yetu sisi watu.

Zinafanya kazi gani mule? Fikirieni mtoto anayelishwa bugali peke yake kila siku, bila maharagi, bila samaki ya Kasenyi. Tumbo litajaa, lakini mwili hautajengeka. Embe ni hivyohivyo: sukari iko mingi, protini ni kidogo sana. Funza akila embe tupu atakua vibaya. Bakteria njo zinamwokoa. Kwa ndugu yake, yule inzi wa matunda wa Afrika anayeitwa Ceratitis capitata, ambaye anashambulia hata matunda ya kahawa, watafiti wa Israeli walionyesha mwaka 2005 kwamba bakteria za tumbo lake zinakamata azoti ya hewa na kuigeuza chakula. Ni kazi ileile ambayo bakteria zingine zinaifanya kwenye mizizi ya maharagi yenu. Watafiti haohao waliona pia kwamba bakteria ambazo jike anaziacha ndani ya tunda zinalainisha nyama yake na kuharakisha kuoza. Ule uji unaoukuta ndani ya embe, basi, si kazi ya meno ya funza peke yake. Amepikiwa.

Kuna mfano mmoja mkali zaidi. Inzi wa zeituni, ambaye anaishi pia katika mizeituni ya porini kule Kenya, ana bakteria yake maalum, na kichwani ana kifuko kidogo cha kuitunzia. Mtaalamu wa Italia aliyeitwa Petri alikwisha kuiona mwaka 1909. Zeituni ikiwa mbichi ni chungu sana, ina kemikali ya kujikinga. Funza aliyenyimwa bakteria yake hawezi kukua ndani ya zeituni mbichi. Mwenye bakteria anakua bila shida.

Na tena, wale wa embe wanapeana habari. Uchunguzi uliotoka mwaka 2020 uliona kwamba bakteria za juu ya mayai zinafanya tunda litoe harufu fulani, na jike mwingine akiisikia anajiendea zake, sababu nyumba hii imekwisha kujaa. Njo maana mara mingi unakuta mti mmoja matunda mengi yamechomwa, badala ya tunda moja kujaa mayai ya inzi wote.

Sasa tufike kwenye pompi. Nchini China, mwaka 2017, watafiti walitoa ndani ya tumbo la inzi huyuhuyu bakteria moja ya jamii ya Citrobacter, wakaona inavunjavunja sumu inayoitwa triklorfoni. Inzi waliolishwa bakteria ile walivumilia dawa kuliko wenzao. Triklorfoni ni ya ukoo mmoja na DDVP ambayo wengi wanaijua. Hatusemi kwamba kila dawa itashindwa hivyo. Tunasema kwamba kupuliza mti mzima, wiki kwa wiki, na sumu ileile, ni kuwachagulia inzi wenye tumbo gumu wabaki peke yao. Tena dawa ya juu ya ngozi haimfikii funza aliye ndani, wala aliye udongoni. Inamfikia mlaji, na inamfikia nyigu mdogo mwema anayeua mayai ya inzi.

Katika mazungumzo ya namna hii swali moja linarudi sana: «Kama ile mikrobe njo inasaidia inzi, si tutie tetra ku pompi?» Yaani vile vidonge vya dawa ya watu, tetra au amoxi, vifunguliwe ndani ya maji na kupulizwa juu ya miti. Swali lina akili, lakini jibu ni hapana, na tunaomba lisikiwe vizuri. Katika maabara inzi analishwa dawa ile ndani ya kisanduku, kipimo kinajulikana. Shambani mvua na jua vitaimaliza kabla inzi hajaionja, na kile kinachobaki kitaingia ndani ya udongo na maji, kifundishe bakteria za kule kuizoea dawa. Na tulisema zina udugu na zile za matumbo yetu. Siku mtoto wako atakuwa na ugonjwa wa kweli, kidonge kile hakitafanya kitu. Embe haliuzwi kwa bei hiyo.

Lakini kuna njia ya kumgeuzia inzi tamaa yake mwenyewe. Jike akitoka udongoni hana mayai yaliyokomaa. Siku kadhaa, hata wiki na zaidi, anatafuta protini: mavi ya ndege, utomvu wa majani, na bakteria zinazoota juu ya majani. Anazifuata kwa harufu. Chambo cha protini kinatumia njaa hiyo. Kituo cha icipe, Nairobi, kilitengeneza chambo namna hii kutokana na chachu inayobaki kwenye kiwanda cha bia. Kinachanganywa na dawa kidogo sana, kinapulizwa kwenye kipande kimoja tu cha kila mti, kama mita moja kwa mita moja, ndani ya majani na si juu ya matunda. Inzi anakuja mwenyewe kula. Anzeni matunda yakiwa bado madogo, rudieni kila wiki mpaka mwisho wa mavuno, na mvua kubwa ikinyesha rudieni tena. Koperative inaponunua pamoja bei inapungua, na kipimo cha dawa kifuatwe kama agronomu alivyoonyesha.

Kazi kubwa zaidi haiombi pesa. Okoteni matunda yaliyoanguka mara mbili kwa wiki, na yale yenye alama ya kuchomwa yachumwe pia. Msiyatupe kwenye rundo la mbolea, maana pale ni kitanda kizuri kwa funza. Yafungeni ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, muuache juani wiki mbili. Au chimbeni shimo, na juu ya matunda muweke udongo wa nusu mita usindiliwe kwa miguu. Mwenye nguruwe anaweza kuwapa, lakini siku ileile, na ni vizuri kuyachemsha kwanza. Shamba moja likifanya na jirani asifanye, inzi atavuka tu, ana mabawa. Kwa hiyo chagueni siku moja ya kuokota kwa mtaa mzima.

Kabla ya mkutano unaokuja, kila kikundi kifanye jaribio hili. Chukueni maembe 20 yaliyoanguka chini ya mti mmoja. Tieni mchanga mkavu ndani ya ndoo, unene wa vidole vinne, wekeni maembe juu yake, funikeni kwa kitambaa chepesi na kamba. Baada ya wiki mbili chekecheni mchanga, hesabuni zile punje za kahawia. Andikeni hesabu, tarehe, na kama mti ule ulipulizwa dawa au hapana. Kisha chukueni maembe 20 mengine ya shamba lililookotwa vizuri, mfanye vilevile. Leteni hesabu zote mbili.