Hesabu ya Nguo za Kutoa

Mkulima, lita za maziwa waziandika kila siku. Nguo unazotoa nazo ziandike. Mwaka 2024, mafuriko ya Machi hadi Mei yalipowatoa wengi makwao hapa Kenya, nguo zilikusanywa mahali pengi. Penye nguo nyingi pasipo daftari huzuka maneno, na mtunzaji mwaminifu huitwa mwizi.

Kwanza, toa nguo zote sandukuni, uzigawe mafungu matatu: za kuvaa, za kutoa, na matambara. Iliyochanika usimpe mtu. Ifue, uikate vitambaa vya kupangusia viwele, kila ng'ombe na chake.

Pili, tazama mifukoni, kisha fua na uanike.

Tatu, piga safu tano daftarini: tarehe, aina ya nguo, idadi, jina la mpokeaji, sahihi. Asiyejua kuandika atie dole gumba.

Mfano: mashati 6, sketi 4, sweta 3, jumla 13. Zikipokewa 11, lazima 2 ziwe sandukuni. Zisipokuwamo, uliza siku ile ile, wala usingoje mwezi upite.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.